Inaonekana Lakini Haishikiki: Kompyuta Zinapogoma Kwenye Programu ya Kusimamia Mtandao

Kwenye konsoli ya programu ya kusimamia mtandao, yaani kompyuta ambayo msimamizi huitumia kuona na kudhibiti nyingine, kompyuta moja ina nukta ya kijani. Ukiibofya ili uidhibiti, dirisha linafunguka likiwa jeusi, linakaa kidogo, kisha linajifunga lenyewe. Ya pili haimo kabisa kwenye orodha, ilhali mtu ameketi mbele yake anachapa barua. Ya tatu imeorodheshwa mara mbili. Ya nne huonekana asubuhi, hutoweka mchana, na jioni hurudi bila mtu yeyote kuigusa.

Wasimamizi wengi wa mitandao wakifikwa na vituko hivi hukimbilia mambo mawili: kuzima faiawali, yaani ulinzi unaochuja mawasiliano yanayoingia na kutoka, au kumfuta wakala, yaani ile programu ndogo inayokaa kwenye kompyuta inayosimamiwa, na kumsakinisha upya. Mara nyingine yote mawili husaidia, na ubaya wake ndio huo. Hitilafu inaondoka bila kueleza ilitoka wapi, kisha wiki inayofuata inazuka kwenye mashine nyingine na kazi ya kupapasa inaanza upya.

Jambo ambalo konsoli huficha, kwa sababu inataka kuonekana rahisi, ni kwamba kuonekana na kudhibitiwa ni safari mbili tofauti. Zinatumia itifaki (kanuni za mazungumzo) tofauti na poti (milango yenye namba) tofauti, na mara nyingi hata anayeanza kuzungumza si yuleyule. Nukta ya kijani inathibitisha safari ya kwanza peke yake. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, uliza: hapa nani anatakiwa kuanza, na anagonga poti ipi?

Konsoli inajuaje kuwa kompyuta ipo

Programu hizi zina njia nne za kubaini kompyuta zilizopo, na nyingi huchanganya mbili au tatu bila kukuambia ni ipi iliyoleta jibu.

Ya kwanza ni tangazo. Konsoli inatuma pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, kwenda anwani 255.255.255.255, au anwani ya mwisho ya subneti yake (kipande chake cha mtandao) kama 192.168.10.255, ikiuliza nani yupo. Kila wakala anayesikia anajibu. Njia hii haihitaji usanidi wowote, ndiyo maana inapendwa. Kasoro yake ni kwamba ruta, zinazounganisha subneti, hazivushi matangazo. Konsoli ikiwa 192.168.10.5 na kompyuta ikiwa 192.168.20.37, hata kama ping, pakiti ya kuuliza "upo?", inakwenda na kurudi vizuri kati yao, tangazo halifiki ng'o. mDNS, njia ya vifaa kutafutana kwa majina, nayo ni hivyohivyo: inatumia anwani ya kundi 224.0.0.251 na poti 5353 ya UDP, na imebuniwa makusudi isivuke ruta. Basi siku mtandao mmoja unapogawanywa kuwa VLAN kadhaa, yaani mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi zilezile, kompyuta za upande wa pili hutoweka zote kwa mpigo, na hakuna hata moja iliyoharibika. Kinachotakiwa ni kuielekeza programu itafute kwa njia nyingine, au kuweka ndani ya kila subneti mashine moja ya kupokea maulizo na kuyapitisha, kama programu ina uwezo huo.

WiFi ina lake. Vituo vingi vya WiFi vina kipengele cha kutenganisha vifaa: vifaa viwili vilivyounganishwa kwenye kituo kimoja haviruhusiwi kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe, ingawa vyote vinapata intaneti. Kwa mtandao wa wageni huo ni ulinzi mzuri sana. Kwa chumba cha mafunzo chenye konsoli ya mkufunzi ni balaa. Utaitambua hali hii kwa jaribio moja: kompyuta inayoonekana ikiwa na waya, ichomoe waya na uihamishie WiFi ya subneti ileile. Ikitoweka hapo hapo huku intaneti ikiendelea kufanya kazi, nenda kwenye mipangilio ya kituo cha WiFi, uiache kompyuta yenyewe.

Njia ya pili ni kupekua anwani moja moja. Subneti ya /24 ina anwani 254 za kutumika, na kuzipitia zote ni kazi ya muda mfupi. Ya /16 ina 65,534, na hapo upekuzi unaweza kuchukua muda mrefu hadi kompyuta inazimwa kabla haijafikiwa. Upekuzi mwingi huanza na ping, programu ambayo Mike Muuss aliiandika mwaka 1983 na ambayo tangu hapo imekuwa kama kiapo: isiyojibu ping huhesabiwa haipo. Programu ikishahitimisha hivyo, haijisumbui kugonga poti za wakala, hata kama wakala yupo macho anasubiri.

Hapa pana kipimo ambacho wengi hukiruka. Ukiwa kwenye subneti moja na kompyuta unayoitafuta, andika kwanza arp -d ukiwa na haki za msimamizi, pamoja na anwani ya kompyuta hiyo, ili kufuta kumbukumbu ya zamani. Kisha piga ping 192.168.10.37. Majibu ya ping yasikushughulishe hata yakiwa kimya kitupu. Andika arp -a. Ukiona anwani ya MAC, yaani namba ya kadi ya mtandao yenyewe, mbele ya 192.168.10.37, mashine hiyo iko hai na imeunganishwa. Sababu ni kwamba kabla ping haijatoka, kompyuta yako ililazimika kuuliza kwa ARP ni nani mwenye anwani ile, na ARP, itifaki ya mwaka 1982, hufanya kazi chini ya ngazi ambayo faiawali ya kawaida huchuja. Faiawali iliweza kumeza ping, haikuweza kuficha kwamba mashine ipo. Mstari ukikosekana, usihangaike na faiawali: kompyuta imelala, imechomolewa, au iko VLAN nyingine kuliko unavyodhani. Kipimo hiki hakivuki ruta, kwa hiyo kwa mashine ya subneti ya mbali tafuta mtu au mashine iliyo karibu nayo ukifanyie hapo.

Kama mashine ni ya Windows na ARP imeonyesha ipo, mshukiwa wa kwanza ni aina ya mtandao ambayo Windows imejipangia. Faiawali yake ina hali tatu: ya domeni (kundi la kompyuta zinazosimamiwa pamoja na taasisi), ya faragha na ya umma. Kwenye hali ya umma ugunduzi hufungwa. Kompyuta inapowaka na kushindwa kuifikia seva inayosimamia domeni kwa wakati, kwa mfano kwa sababu swichi imechelewa kufungua poti yake, inaweza kuishia kwenye hali ya umma na kubaki humo. Hii ndiyo tabia ya ile kompyuta ya nne, inayokuja na kupotea. Andika Get-NetConnectionProfile kwenye PowerShell ya mashine hiyo. Mstari wa NetworkCategory ukisema Public, umemshika mchawi, na hukuhitaji kuzima ulinzi wowote.

Njia ya tatu ni kusoma saraka kama Active Directory, daftari la Windows la akaunti za taasisi. Hii haigundui chochote. Inasoma majina ya akaunti za kompyuta, zikiwemo za mashine zilizotupwa miaka iliyopita. Konsoli yenye kompyuta nyingi za kijivu ambazo hakuna anayezijua kwa kawaida inasoma saraka ambayo haijasafishwa.

Ya nne inageuza mwelekeo wote. Wakala mwenyewe anaanzisha muunganisho kwenda kwenye seva, mara nyingi kupitia poti 443 ambayo faiawali nyingi huruhusu kutoka, na kuuacha wazi. Kwa maoni yangu mtandao wenye zaidi ya subneti moja usitumie njia nyingine, maana hapa VLAN, ruta na NAT (kuficha anwani za ndani nyuma ya anwani moja) havina tena uzito: njia ya kutoka ikiwepo, seva inamwona wakala. Hitilafu zake ni chache na zinafanana. Wakala ana jina la seva ambalo halitafsiriki tena, au seva imebadilishiwa cheti chake cha utambulisho na wakala hakiamini kipya, au kuna proksi, seva ya kati ya kupitia kwenda nje, ambayo mtumiaji anaijua lakini huduma inayoendeshwa na mfumo haiijui. Hili la proksi hupoteza watu wengi, kwa sababu kivinjari kwenye mashine ileile kinafungua ukurasa wa seva bila shida. Kivinjari kinatumia mipangilio ya mtumiaji. Huduma haina mtumiaji.

Orodha inayodanganya

Kutoonekana kuna unafuu wake, kwa sababu angalau unajua kuna tatizo. Hatari zaidi ni orodha inayoonyesha kitu kisicho kweli.

Anza na nukta ya kijani yenyewe. Muunganisho wa TCP, itifaki inayobeba mazungumzo mengi ya mtandao, hauna mapigo ya moyo ya lazima. Kompyuta ikikatika umeme ghafla, hakuna pakiti inayotumwa kuiaga seva, na seva inaendelea kuamini kwamba upande wa pili yupo. Kwenye Windows na Linux, ukaguzi wa TCP wa kuuliza "bado upo?" kwa kawaida husubiri saa 2 za ukimya kabla ya kuanza, tena kwa programu iliyouomba tu. Programu nzuri huweka ukaguzi wake yenyewe wa kila dakika moja au chini ya hapo. Isiyo nzuri hukuonyesha kijani kwa mashine iliyokwishazimwa. Tafuta kwenye mipangilio muda ambao seva husubiri kabla ya kumhesabu wakala kuwa hayupo, na ujue ni muda gani kabla hujaamini rangi yoyote.

Kuonekana mara mbili kwa kawaida ni kompyuta ya mkononi yenye kadi mbili za mtandao, ya waya na ya WiFi, kwenye programu inayotambua mashine kwa anwani ya MAC. Simu na tableti huzidisha: tangu Android 10 na iOS 14 hutumia anwani ya MAC ya kubuni, tofauti kwa kila mtandao wa WiFi. Programu inayohesabu vifaa kwa MAC itaona kifaa kipya kila kinapohamia mtandao mwingine. Suluhisho ni programu itambue kifaa kwa kitambulisho cha wakala badala ya kadi.

Lakini kitambulisho cha wakala nacho kina mtego wake, na huu ni mzuri kuujua kwa sababu dalili zake hazifanani na kitu kingine chochote. Mtu anaandaa kompyuta moja vizuri, anamsakinisha wakala, kisha anainakili diski yake kwenye kompyuta nyingine 30. Zote sasa zina kitambulisho kimoja. Konsoli haionyeshi 31; inaonyesha moja, ambayo jina lake linabadilikabadilika kadiri kila mashine inavyojitambulisha kwa zamu. Ukifungua udhibiti unaingia yoyote iliyozungumza mwisho. Kila mashine ikikaguliwa peke yake iko sawa kabisa, kwa hiyo kusakinisha upya kwenye moja kunaiponya hiyo moja na kuacha zilizobaki zikipokonyana jina. Njia sahihi ni kukifuta kitambulisho kabla ya kunakili diski, na wakala atajitengenezea kipya anapowaka mara ya kwanza. Kwenye Linux angalia pia faili ya /etc/machine-id, kwa sababu programu kadhaa hukiazima kitambulisho chao humo.

Halafu kuna DNS, daftari la majina na anwani, iliyochakaa. Kompyuta A ilikuwa na anwani 192.168.10.37, ikazimwa, anwani ikapewa kompyuta B, lakini rekodi ya DNS bado inasema jina la A ni 192.168.10.37. Unabofya A, unaingia kwenye skrini ya B. Pengine mtu wa B alikuwa anasoma majibu yake ya hospitali. Kabla ya kudhibiti mashine yoyote yenye tabia za ajabu, andika nslookup kwa jina, kisha nslookup kwa anwani iliyorudi, uone kama majina mawili yanalingana. Mahali ambapo anwani zinatolewa na DHCP, huduma ya kuzigawa, kwa muda mfupi huku rekodi za DNS zikisafishwa mara chache, kutolingana huku hakukwepeki.

Kimya na kukataliwa

Sasa kompyuta inaonekana kihalali, lakini udhibiti haufunguki. Hapa jibu la mtandao lenyewe ni ushahidi, na watu wengi hawalisikilizi.

Kugonga poti ya TCP ni kama kupiga hodi. Unaweza kukaribishwa, unaweza kuambiwa "hayupo", au usijibiwe kabisa. Kuambiwa "hayupo" kunathibitisha kwamba nyumba umeifikia. Kwa lugha ya pakiti: konsoli inatuma SYN, pakiti ya kuomba muunganisho. Ikirudi SYN-ACK, poti iko wazi na kuna programu inayosikiliza. Ikirudi RST, mara nyingi ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, umefika kwenye mashine lakini hakuna programu kwenye poti hiyo. Njia yote haina kasoro; kilicholala ni huduma. Usipopata kitu, pakiti yako imetupwa mahali fulani njiani, na hapo ndipo faiawali inastahili kushukiwa. Zipo faiawali zinazotuma RST badala ya kunyamaza, ila ni chache kuliko zinazonyamaza.

Ukiifungua Wireshark, programu ya kunasa pakiti, kwenye konsoli huku ukijaribu kuunganisha, tofauti hii inaonekana kwa macho. Kukataliwa ni jozi ya mistari: SYN inakwenda, RST inarudi, ingawa Windows huweza kuirudia jozi hiyo mara chache. Kimya kinaonekana kama SYN ileile ikirudiwa, na nafasi kati yao ikiongezeka maradufu: sekunde 1, kisha 2, kisha 4. Ukiona mfululizo huo, hamia kwenye kompyuta inayodhibitiwa na unase pakiti huko pia. SYN zikifika, faiawali ya mashine yenyewe ndiyo inazimeza. Zisipofika, zimeishia njiani, kwenye ruta au faiawali ya katikati, na hakuna utakachobadilisha kwenye kompyuta kitakachosaidia. Kipimo hiki kimoja huamua ugomvi wa siku nzima kati ya watu wa mtandao na watu wa kompyuta.

Bila Wireshark, amri ya Test-NetConnection ikipewa jina la mashine na namba ya poti inatosha kwa Windows. PingSucceeded ikiwa True na TcpTestSucceeded ikiwa False, unajua ngazi ya kushughulika nayo. Kwenye Linux, nc -zv inakuambia moja kwa moja kama umekataliwa au muda umekwisha.

Poti zenyewe ni vizuri kuzijua kwa kichwa. VNC, mfumo wa kudhibiti skrini ya mbali, iliyozaliwa kwenye maabara ya utafiti ya Olivetti huko Cambridge, Uingereza, hutumia 5900 kwa skrini ya kwanza, 5901 kwa ya pili. RDP, udhibiti wa mbali wa Windows, ni 3389. Veyon, inayotumika sana kwenye vyumba vya kompyuta, husikiliza 11100. SNMP, itifaki ya kuuliza vifaa hali yao, ni 161 ya UDP, na kwa kuwa UDP haina SYN wala RST, kimya chake hakina maana moja: huenda pakiti imetupwa, huenda jina la jumuiya, linalotumika kama nenosiri, si sahihi, maana kifaa cha SNMP kikiulizwa kwa jina la jumuiya lisilo sahihi kwa kawaida hakijibu kabisa.

Ukikataliwa, nenda kwenye mashine uone nani anasikiliza: netstat -ano kwenye Windows, ss -tlnp kwenye Linux. Wakati mwingine utaikuta huduma ipo, ila inasikiliza 127.0.0.1:5900. Anwani hiyo ni ya ndani ya mashine yenyewe. Mgeni kutoka nje atapokea RST ilhali huduma inajitangaza kuwa inafanya kazi. Inatakiwa isikilize 0.0.0.0 au anwani ya kadi husika.

Umeingia, lakini skrini ni nyeusi

Baada ya poti kuna uthibitisho wa utambulisho, na hapa nitapita haraka kwa sababu ujumbe wa kosa huwa wazi kidogo. Kwa Kerberos, mfumo wa kuthibitisha utambulisho kwenye domeni, saa za mashine mbili zikipishana zaidi ya dakika 5, kwa kawaida ombi linakataliwa. Betri ya ubao mama iliyokufa huivuruga saa na kuleta kosa linalofanana na nenosiri baya. Kwenye uthibitisho wa asili wa VNC ni herufi 8 za kwanza tu za nenosiri zinazohesabika, kwa hiyo nenosiri refu linakupa faraja isiyokuwepo. Programu zinazotumia jozi ya funguo hugoma pale ufunguo wa siri kwenye konsoli na ule wa wazi kwenye kompyuta unapotoka kwenye jozi tofauti, jambo linalotokea mtu anapotengeneza funguo upya kwenye konsoli bila kuzisambaza.

Skrini nyeusi baada ya kuingia ndiyo sehemu yenye mambo. Mtandao umeshamaliza kazi yake. Mwenye neno sasa ni mfumo endeshi.

Tangu Windows Vista, huduma zote huendeshwa kwenye kikao namba 0, ambacho hakina skrini ya mtumiaji. Wakala akiwa huduma, yuko upande mmoja wa ukuta na dirisha la mtumiaji liko upande wa pili. Ili akuonyeshe picha, lazima azindue msaidizi ndani ya kikao cha mtumiaji. Msaidizi akianguka, unapata hali ya kushangaza: nukta ya kijani, skripti zinatekelezwa, faili zinahamishwa, ila picha hakuna. Fungua orodha ya michakato na utazame safu ya kikao. Usipouona mchakato wa wakala kwenye kikao 1 au zaidi, umepata jibu.

UAC, ulinzi wa Windows wa kuomba ruhusa, ina vituko viwili. Dirisha lake la kuomba ruhusa linapotokea, Windows huhamia kwenye eneokazi lililolindwa ambalo programu ya kawaida haiwezi kulitazama, kwa hiyo skrini ya mbali inaganda au inakuwa nyeusi hadi mtu aliyeketi pale abofye. Cha pili ni cha kuvutia zaidi: kipanya kinatembea vizuri, unafungua folda, unaandika, lakini ukifika juu ya dirisha la Task Manager mibofyo yote inapotea. Si kipanya kibovu. Windows hairuhusu programu yenye haki za chini kutuma mibofyo kwenye dirisha lenye haki za juu. Tiba ya vyote viwili ni moja: wakala asakinishwe kama huduma ya mfumo, si kuendeshwa na mtumiaji kutoka kwenye eneokazi.

Kwenye Mac, tangu Catalina ya mwaka 2019, programu inayotaka kuonyesha skrini inahitaji ruhusa ya kurekodi skrini, na ya kuchezesha kipanya na kibodi inahitaji ruhusa ya ufikivu. Ni ruhusa mbili, na zinaweza kutolewa nusu nusu. Ukiona picha ya mandhari peke yake bila madirisha, ya kwanza imekosekana. Ukiona kila kitu lakini kipanya hakisogei, imekosekana ya pili. Ruhusa ya ufikivu inaweza kusambazwa na mfumo wa kusimamia vifaa. Ya kurekodi skrini Apple imeiacha mikononi mwa aliyeketi mbele ya mashine, kwa hiyo kuituma kimyakimya kutoka ofisini haiwezekani. Waambie watu mapema.

Linux imepata lake na Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha, ambayo Fedora iliifanya ya kawaida mwaka 2016. Kwenye X11, mfumo wa zamani, programu yoyote iliweza kutazama na kuchezesha madirisha ya wengine. Wayland imefuta hilo makusudi. Picha hupatikana kupitia lango la eneokazi ambalo humwomba mtumiaji kibali. Programu ya udhibiti iliyoandikwa kwa X11 inaingia, inaomba picha, na kupewa weusi. Andika echo $XDG_SESSION_TYPE ujue uko wapi. Kama programu haijajifunza Wayland, chagua kikao cha Xorg (yaani X11) kwenye skrini ya kuingia, pale ambapo bado kinapatikana.

Na mashine isiyo na skrini ya kioo iliyochomekwa? Baadhi ya kadi za picha hazichori chochote zisipoona skrini. Kipande kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI na kujifanya skrini hulimaliza tatizo.

Nenosiri limepita, picha haiji

Kuna hitilafu moja inayostahili nafasi yake, kwa sababu inawafanya watu wamlaumu wakala kwa miezi. Kupitia VPN, njia ya siri inayopita kwenye intaneti, unaunganisha, nenosiri linakubaliwa, kisha kila kitu kinaganda wakati picha ya kwanza inapotakiwa kuja. Ukiwa ofisini mashine ileile inadhibitika vizuri.

Angalia ukubwa wa pakiti. Nenosiri na salamu za mwanzo ni pakiti ndogo. Picha ya skrini inajaza pakiti hadi pomoni, baiti 1500 kwa Etheneti. VPN inaongeza vichwa vyake na nafasi inapungua. WireGuard, kwa mfano, kwa kawaida huweka 1420. Ruta inayokutana na pakiti kubwa isiyoruhusiwa kukatwa inapaswa kumjulisha mtumaji kwa ICMP, itifaki ya taarifa ambayo ping nayo huitumia, lakini kama kuna mtu aliyefunga ICMP yote kwa jina la usalama, taarifa hiyo haifiki, na mtumaji anarudia pakiti ileile kubwa bila mwisho.

Pima kwa ping -f -l 1472 kwenye Windows, au ping -M do -s 1472 kwenye Linux. Hizo 1472 ukijumlisha baiti 8 za ICMP na 20 za IP unapata 1500. Isipopita, punguza hadi ipite: ikipita kwa 1392, jumlisha 28, njia yako inabeba 1420. Ruhusu ujumbe wa ICMP unaotoa taarifa hiyo, au iambie ruta ya VPN ishushe MSS, yaani ukubwa wa juu wa data kwenye pakiti moja ya TCP.

Sasa, ni lini kumsakinisha wakala upya ni kitendo sahihi? Pale unapokuwa umeona kwamba njia ni nzima, poti inajibu, saa ni sawa, na logi ya wakala inasema cheti au ufunguo wake hautambuliki, kama inavyotokea baada ya seva kuhamishwa bila hifadhi ya vyeti vyake vya zamani. Hapo mfute pamoja na folda yake ya data, maana visakinishi vingi huiacha folda hiyo na kitambulisho kibovu ndani yake, na wakala mpya huamka akiwa na ugonjwa uleule. Na kama uliizima faiawali ya mashine wakati wa kupima, iwashe kabla hujafunga dirisha, kisha uongeze sheria inayoruhusu poti ile moja, kutoka kwenye anwani ya konsoli pekee.